Kufuatilia moyo dhaifu kwa simu: mizani, mito na meseji ya kila asubuhi

Mtu ambaye moyo wake unashindwa kusukuma damu inavyotakiwa mara nyingi hazidiwi kwa siku moja. Maji huanza kujikusanya mwilini siku kadhaa, pengine wiki nzima au zaidi, kabla ya ule usiku anaoamka akitafuta pumzi. Siku hizo za katikati ndizo za kuokolea. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mizani inaweza kuyaona maji kabla jicho halijaona uvimbe. Kazi ni kupima, kutuma na kujibiwa siku hiyohiyo.

Hilo la kujibiwa lisichukuliwe kirahisi. Katika utafiti wa Tele-HF wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha wagonjwa 1,653, waliofuatiliwa walipiga simu kila siku na kuulizwa maswali na mashine. Asilimia 14 yao hawakuitumia hata mara moja, na kundi zima halikupata nafuu kuliko wenzao wa matibabu ya kawaida. Ujerumani, utafiti wa TIM-HF2 wa mwaka 2018 ulikuwa na kituo chenye wauguzi na madaktari saa 24, na vifo vilipungua. Tafiti hizi zinatofautiana kwa mengi, lakini sisi tunaanzia hapa: kabla ya kununua kifaa chochote, mjue ni nani atakayesoma meseji, saa ngapi, na Jumapili itakuwaje.

Kwanza: makubaliano na kliniki

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, daktari au nesi aandike uzito mkavu (uzito wa mgonjwa akiwa hana maji ya ziada), kiwango cha uzito cha kupigia simu, dawa zote na dozi zake, na namba mbili za simu. Kama mgonjwa ameruhusiwa kujiongezea furosemide (dawa ya kukojoa, inayotoa maji mwilini) uzito ukipanda, iandikwe vidonge vingapi na kwa siku ngapi. Ruhusa ya mdomo husahaulika.

Mizani

Nunua ya kidijitali inayoonyesha gramu 100. Ya mshale inayoruka kilo nzima haifai hapa. Iweke juu ya sakafu ngumu, siyo kwenye zulia wala mkeka, na isihamehame. Ijaribu hivi: jipime, kisha jipime tena ukiwa umebeba sukari ya kilo 2. Tofauti isipokuwa kilo 2, badilisha betri. Ikiendelea kukosea, badilisha mizani.

Pima asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula na kunywa, ukiwa na nguo nyepesi zilezile. Wakati wa Ramadhani, kwa aliyeruhusiwa na daktari kufunga, pima kabla ya daku. Ukipima baada ya daku utakuwa umepima uji na chai, na namba itakudanganya mwezi mzima.

Kama kliniki haikukupa kiwango chako, kinachotumika sana ni kupanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3: piga simu siku hiyohiyo. Uzito ukipanda kilo moja kwa usiku mmoja, rudia kupima, toa taarifa na uangalie kesho yake. Na kushuka nako ni habari. Kilo 2 zikipungua haraka, kizunguzungu kikakushika ukisimama na mkojo ukawa mchache na mweusi, huenda umekaukiwa maji na dozi ya dawa ya kukojoa inatakiwa kupunguzwa.

Tatizo moja huwapita wengi. Mgonjwa wa muda mrefu anaweza kukonda nyama huku akijaa maji, na mizani ikasoma namba ileile miezi mitatu. Ndiyo sababu uzito mkavu unapangwa upya kila kliniki, na ndiyo sababu mizani peke yake haitoshi.

Miguu, mito na pumzi

Bonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba kwa sekunde 5, kisha achia. Shimo likibaki, kuna maji. Andika limefika wapi: kifundo, nusu ya muundi au goti. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, fikiria damu iliyoganda na piga simu siku hiyo. Angalia pia tumbo: mkanda umehama tundu, au unashiba kwa matonge matatu?

Hesabu mito uliyolalia jana. Aliyekuwa analala na mmoja, sasa anataka mitatu au anasinzia kwenye kiti, amezidiwa hata kama mizani haijasogea. Kikohozi nacho kina maana yake. Kinachokuja ukilala kinaweza kuwa cha maji. Kikavu cha mchana kutwa kinaweza kutokana na enalapril, dawa ya moyo na presha. Usiiache dawa mwenyewe. Sema, utabadilishiwa.

Presha pima ukiwa umekaa dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, bila kuongea, na ukanda uwe juu ya ngozi, siyo juu ya shati. Pima mara mbili, kwa kupishana dakika moja. Mapigo yakiwa yanarukaruka, yahesabu kwa vidole sekunde 60 kamili, maana mashine inaweza kukosea. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni huvurugwa na piko, rangi ya kucha na vidole vya baridi, na kwa ngozi nyeusi huweza kusoma juu ya ukweli. Kikisoma vizuri na mtu anahema, mwamini anayehema.

Meseji

Kitochi kinatosha. Mpangilio uwe uleule kila siku ili msomaji aone mabadiliko kwa haraka:

UZITO 64.8 PRESHA 116/72 MAPIGO 74 MITO 2 MIGUU kifundo DAWA ndiyo

Itumwe kabla ya saa 3 asubuhi. Isipofika hadi saa 6 mchana, nesi apige. Mgonjwa asiye na salio abipu. Ukimya usihesabiwe kuwa ni uzima, kwani aliyezidiwa ndiye anayeacha kutuma.

Anayefundisha kwa simu aulize hivi

Ukimuuliza mzee "Unapunguza chumvi?", atajibu "Najitahidi". Muulize: "Jana mchuzi ulitiwa nini?" Hapo utasikia habari ya vidonge vya mchuzi, ng'onda, dagaa wa chumvi, na magadi kwenye maharage au kisamvu. Magadi nayo yana sodiamu, kilekile kilichomo kwenye chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate. Njia inayodumu ni kutenga sehemu ya mgonjwa kabla chumvi haijaingia chunguni, kisha kuikoleza kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Chumvi mbadala zenye potasiamu ni hatari kwa anayetumia spironolactone, enalapril au losartan, dawa za moyo zinazoweza kupandisha potasiamu mwilini. Madafu pia yana potasiamu nyingi.

Aliyewekewa kikomo cha maji, tuseme lita 1.5, ajaze chupa ya lita 1.5 asubuhi. Akinywa kikombe cha chai, uji au supu, amimine kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa na kukitumia kwa kazi nyingine. Chupa ikiisha, fungu la siku limeisha.

Dawa zihesabiwe. Vidonge 30 vya kutwa mara moja vikianza tarehe 1, jioni ya tarehe 12 vinabaki 18. Vikibaki 23, usigombe, uliza kilichotokea. Wengi huruka dawa ya kukojoa siku ya safari, na kuisogeza saa kadhaa mbele kunaweza kutosha. Uliza pia dawa za duka la jirani: diclofenac na ibuprofen huzuia maji mwilini na kuumiza figo, na vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vingi vina sodiamu. Mgonjwa akitapika au kuharisha, apige simu kabla ya dozi inayofuata.

Mwisho mwambie: "Hebu nieleze, mizani ikisoma 67 kesho, utafanya nini?" Akikwama, hakufundishwa vizuri, rudia.

Usitume meseji, nenda hospitali

Kuhema ukiwa umekaa tu, maumivu ya kifua, kuzimia, midomo kubadilika rangi, kuchanganyikiwa, au makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Mgonjwa asafirishwe ameketi wima, miguu ikining'inia. Kumlaza kiti cha nyuma kunamzidishia maji mapafuni. Pikipiki haifai, maana anaweza kuzimia njiani. Chukueni daftari na pakiti zote za dawa, hata zilizoisha.