Kabla Hujafunga Kisanduku cha Kutazama Pampu kwa Mbali

Tangi moja la upande wa Kisauni lilimwaga maji usiku kucha, na kwenye skrini ya ofisini kiwango kilisomeka sufuri. Panya alikuwa amekata waya wa sensa. Kisanduku kilipokosa habari kikaandika sufuri, sufuri ikasomwa kuwa tangi tupu, na pampu ikaamriwa iendelee kusukuma. Alfajiri majirani walidhani mvua imenyesha mtaa mmoja tu. Kisanduku hicho nilikifunga mimi, kwa hivyo lawama sina wa kumtupia.

Tangu siku hiyo, mtu akiniita kwenye kituo, kiwe cha pampu, cha jenereta, cha mnara wa simu au chumba cha transfoma, bei ya kisanduku siiulizi kwanza. Nauliza: kikinyamaza, nani atajua? Ukikaa ofisini, kituo kilichotulia na kituo kilichokatika mawasiliano ni vigumu kuvitofautisha. Na sisi wa Mombasa kukaa mbali na mitambo yetu hatuna hiari, maana maji ya kisiwa hiki hayatoki kisiwani: yanatoka Mzima kule Tsavo kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, yanatoka Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Huwezi kumweka mtu kila valvu.

Kisanduku chenyewe mafundi hukiita RTU, au PLC kikiwa cha aina ile ya viwandani. Kazi zake ni tatu: kusikiliza sensa, kuamuru kontakta (swichi kubwa ya umeme) iwashe au izime pampu, na kutuma ripoti ofisini kwa modemu. Mfumo wote pamoja na skrini yake huitwa skada.

Anza na sensa, kwa kuwa uongo mwingi huzaliwa hapo. Sensa nyingi za viwandani huzungumza kwa mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Tangi tupu ni 4, tangi lililojaa ni 20. Kwa tangi la mita 4, ukisoma 12 ujue maji yamefika mita 2. Kwa nini hawakuanzia sufuri? Ili sufuri ibaki na kazi yake. Waya ukikatika mkondo hufika sufuri, na chombo kinajua kwamba hilo si tangi tupu, ni waya uliokufa. Wahandisi wa zamani walituachia hekima hiyo bure, nasi tunaitupa tunapopanga programu. Mimi niliitupa: niliandika kwamba chochote kilicho chini ya 4 kihesabiwe kama 4. Basi kabla ya kukubali kazi, mwulize fundi wako kisanduku kitafanya nini kikisoma miliampea 2. Akijibu "haiwezi kutokea," tafuta mwingine. Jibu ninalolitaka mimi ni kwamba pampu itasimama, kengele italia, na skrini itaonyesha alama ya hitilafu wala haitaonyesha namba.

Ukimya wa kisanduku kizima hutibiwa kwa namna hiyo hiyo. Kipangie kitume salamu kila dakika 5 hata kama hakuna jipya. Salamu 3 zikikosekana, kompyuta ya ofisini impigie mtu simu. Nasema mtu, mwenye jina na zamu. Ujumbe ukitumwa kwenye kundi la simu lenye watu 20, kila mmoja hudhani mwenzake ameshaondoka kwenda kutazama.

Umeme nao una vituko. Kituo kimoja kilikuwa kinapotea kila usiku saa nne na kurudi saa kumi alfajiri, na tulilaumu kampuni ya simu wiki mbili nzima. Nilipokwenda usiku nilimkuta mlinzi, mzee wa heshima zake, amekaa mlangoni.

"Baba, nani huchomoa huu waya hapa?"

"Mimi, mwanangu. Simu yangu hufa usiku, na soketi ni hiyo moja."

Hakuwa na kosa. Kisanduku hakichomekwi kwenye soketi. Kinaungwa moja kwa moja kwenye breka yake peke yake. Na mlinzi awekewe soketi yake. Ni shilingi chache, na mlinzi aliyeridhika hukuambia mengi ambayo sensa haiyajui.

Kisha betri. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, ikapotea tena 11 Novemba na 10 Desemba mwaka huo huo. Kwa hivyo betri ya saa mbili ni pambo. Piga hesabu: kisanduku, modemu na sensa zikila wati 6 kwenye betri ya volti 12, ni nusu ampea, yaani ampea-saa 12 kwa siku. Siku 3 ni 36. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, basi unahitaji 72. Joto la pwani hula betri (kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua karibu nusu), kwa hivyo mimi hununua ya 100 na sioni aibu. Usiifungie ndani ya sanduku la chuma linalopigwa na jua la magharibi. Ifungie kwenye kizimba, kwa sababu betri huibwa mapema kuliko kitu kingine chochote kituoni, na mlango wa kizimba uwe na swichi inayopeleka habari ukifunguliwa.

Kwenye mawasiliano watu husema, "Tumeweka laini mbili za kampuni mbili." Vizuri, lakini kampuni mbili huweza kukaa kwenye mnara mmoja, na betri ya mnara ikiisha laini zote mbili hufa pamoja, wakati ule ule unaozihitaji. Uliza minara iko wapi. Nenda mwenyewe na simu ndani ya chumba cha pampu, ufunge mlango, utazame mawimbi. Sanduku la chuma huyala yakaisha, na eriali ya nje haina mbadala. Na kama unapanga kutumia redio yako mwenyewe, hakikisha kifaa kina idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano kabla hakijatoka dukani.

Kuna jambo jingine hunichekesha na kunikera kwa pamoja. Pampu iko Likoni, ofisi iko mjini, kivuko kiko katikati. Lakini ripoti ya pampu hupanda mnara, huzama baharini kwenye kebo, hufika kompyuta iliyokodishwa Ulaya, kisha hurudi njia ile ile ndipo ofisi ione. Nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom, ambazo zote mbili zinatua hapa Mombasa, zilipokatika upande wa kusini tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota kwa siku kadhaa. Siwakatazi watu kukodi wingu, yaani kompyuta hizo za mbali. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kusimamisha pampu usipelekwe ng'ambo. Floti ya juu ya tangi (boya lenye swichi) iungwe kwa waya hadi kwenye kontakta, ili maji yakijaa pampu izime hata kama ofisi imeungua.

Hewa ya bahari haina huruma, kaskazi wala kusi. Sanduku la chuma cha kawaida kilichopakwa rangi hapa kwetu hutoboka mapema. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 ni ghali kuliko 304 lakini kinastahimili chumvi zaidi, na plastiki nzuri ya viwandani inafaa vile vile. Alama ya IP66 inakuhakikishia kwamba maji ya kupigwa kwa nguvu hayaingii, lakini haizuii jasho linalojikusanya ndani usiku. Nyaya ziingie kwa chini, kila moja na glandi yake (kizibo kinachoubana waya mahali unapoingilia), na tundu lisilotumika lizibwe. Mijusi hupenda joto la kontakta kuliko sisi tunavyopenda feni. Anayedhani wanyama ni jambo dogo akumbuke Juni 2016, tumbili mmoja alipoangukia transfoma kwenye kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru na Kenya nzima ikakosa stima.

Sasa lililo zito: mkono wa mtu. Kituo chochote kinachowashwa kwa mbali kiwe na swichi ya kuchagua mbali, zima, au hapa hapa, na iwe na mahali pa kutia kufuli. Fundi anayeingiza mkono kwenye pampu anazima, anafunga kufuli yake, anaweka ufunguo mfukoni. Kupiga simu ofisini na kusema "msiwashe" si kinga, zamu hubadilika. Nikikuta kituo hakina swichi hiyo, kazi nyingine yote husubiri.

Swichi hiyo hiyo ndiyo njia ya kurudi mfumo ukivamiwa. Desemba 2015 wavamizi wa mtandaoni walizima umeme wa wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine, kisha wakaharibu vifaa vya mawasiliano vya vituoni visiweze kuamuriwa tena kwa mbali. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi waliingia magarini wakaenda kuwasha kwa mikono. Jiulize kama wako wangejua swichi iko wapi.

Wavamizi mara nyingi hawahitaji akili nyingi. Novemba 2023, kituo cha maji cha Aliquippa, Marekani, kiliingiliwa kupitia PLC iliyoachwa wazi kwenye intaneti. Vifaa vya aina hiyo vilikuwa vikitoka kiwandani na nywila 1111. Lugha ya Modbus, ambayo visanduku vingi bado huizungumza, ilitungwa mwaka 1979 na haiulizi mpiga hodi ni nani. Basi kisanduku kisionekane kwenye intaneti ya wazi kabisa. Omba kampuni ya simu njia ya faragha, badilisha nywila, na fundi au mkandarasi akiondoka ruhusa zake zifutwe siku hiyo hiyo. Mwaka 2000 huko Maroochy, Australia, mtu aliyewahi kufanya kazi na mkandarasi wa mfumo alitumia redio na kompyuta kumwaga lita zipatazo 800,000 za maji taka.

Vipuri: nunua visanduku viwili, cha pili kikae kabatini na mpangilio wake umeshatiwa. Mchoro wa nyaya ubandikwe ndani ya mlango.

Halafu siku ya kukabidhiwa kazi, waombe chai, kaa kituoni, na uanze kuua vitu kimoja kimoja. Zima stima. Rudisha. Toa laini ya simu. Rudisha. Chomoa waya wa sensa, kama alivyofanya yule panya wa Kisauni, kisha tazama saa. Zikipita dakika 15 na simu ya ofisini haijalia, usitie sahihi.