Maili Moja Inakula Kiasi Gani? Hesabu ya Mwenye Lori Anayeendesha Mwenyewe

Nawaandikia wenzangu wanaoendesha lori lao wenyewe hapa Marekani. Dalali akikutajia bei ya mzigo na hujui maili moja inakugharimu kiasi gani, unabahatisha. Kusanya karatasi za benki na risiti za mwezi mzima, tuanze.

Hatua ya 1: Maili zote
Soma odometa mwanzo na mwisho wa mwezi. Hesabu hata maili za kufuata mzigo tela likiwa tupu, za kwenda gereji na za kurudi nyumbani. Zote zinakunywa dizeli, ila dalali hulipia zenye mzigo tu. Hapa ndipo wengi wanapoumia.

Hatua ya 2: Gharama zinazokuja hata lori likilala
Rejesho la mkopo wa kichwa cha lori, bima, namba za IRP (usajili wa lori linalopita majimbo mengi), ELD (kifaa kinachorekodi saa za kuendesha), simu, maegesho. Za mwaka zigawe kwa 12: kodi ya fomu 2290 (ya serikali kuu kwa malori mazito), dola 550 kwa lori linalozidi uzito wa pauni 75,000, inakuwa kama dola 46 kwa mwezi. Tuseme jumla ni dola 4,000. Ukitembea maili 8,000, ni senti 50 kwa maili. Lori likikaa gereji ukaishia maili 5,000, ni senti 80, na hakuna bei iliyopanda.

Hatua ya 3: Gharama za kutembea
Dizeli: bei ya galoni gawa kwa maili unazopata kwa galoni. Dola 3.90 kwa 6.5 ni senti 60. Usishangilie sana dizeli ya bei ya chini katika jimbo lenye kodi ndogo. IFTA, mkataba wa majimbo wa kugawana kodi ya mafuta, hukokotoa kodi kwa maili ulizopita kila jimbo, hata kama hukujaza mafuta huko, na robo mwaka ikiisha unadaiwa tofauti. Oregon na Kentucky zina tozo zao za maili pembeni.

Matairi, oili na matengenezo weka senti 20 kwa maili, kwenye akaunti ya peke yake. Kichwa kikuukuu kinataka zaidi.

Hatua ya 4: Jilipe
“Kinachobaki ndicho changu” si hesabu. Weka kiasi ambacho ungelipwa ukiendesha lori la mtu mwingine, tuseme senti 60.

Hatua ya 5: Pima mzigo
50 + 60 + 20 + 60 = dola 1.90 kwa maili.

Dalali anatoa dola 2,000 kwa maili 800. Dola 2.50, inavutia. Lakini mzigo uko maili 300 kutoka ulipo. Maili 1,100 mara 1.90 ni dola 2,090, kwa hiyo umeshapoteza 90, na kampuni inayokulipa mapema kabla ya dalali haijakata asilimia yake. Omba 2,400. Akikataa, tafuta mzigo wa karibu.

Rudia hesabu kila mwezi, na siku yoyote dizeli ikiruka.