Moyo Usikivu: Namna ya Kutafuta Hekima ya Mungu katika Mambo ya Kila Siku

Wengi wetu humtaka Mungu shauri pale jambo linapokuwa kubwa, kama vile posa, ununuzi wa kiwanja, safari ya kwenda kufanya kazi Uarabuni, au maradhi yasiyojulikana jina. Mambo madogo tunayaamua wenyewe, na huko ndiko tunakoharibu zaidi, kwa kuwa siku ya Mkristo wa Unguja au Pemba hujaa madogo kuliko makubwa: jibu la kumpa jirani aliyekasirika, pesa za upatu zinazodaiwa wiki ile ile ambayo skuli inadai ada, zamu ya kazi iliyoangukia Jumapili asubuhi. Maelezo yafuatayo yanahusu mambo ya namna hiyo, ingawa sioni sababu ya mtu kuyaacha atakapofikiwa na lile kubwa.

Anza kwa kujua unachoomba. Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 3, Sulemani akiwa Gibeoni aliambiwa aombe atakalo, naye hakuomba maisha marefu wala mali, bali moyo wa kuwaamulia watu kwa haki. Biblia yetu ya Kiswahili inauita “moyo wa adili”. Maneno ya Kiebrania yenyewe yanasema moyo unaosikia. Msemaji wa Kiswahili hapati tabu kuelewa hilo, kwa sababu tukisema mtoto fulani hasikii hatumaanishi kwamba masikio yake ni mabovu. Kusikia kwetu ni kupokea neno na kulifuata. Kwa hiyo anayeomba hekima haombi kupewa majibu mfukoni ayatoe kila anapoulizwa, bali anaomba afanywe mtu anayesikia, kwanza kwa Mungu, kisha kwa watu.

Ukishalijua hilo, omba kwa kulitaja jambo lenyewe. Yakobo 1:5 inamwelekeza aliyepungukiwa na hekima amwombe Mungu, ambaye hutoa kwa ukarimu “wala hakemei”, na neno hilo la mwisho ndilo ninalolipenda, kwa sababu wengi wetu tulikua tukikemewa kila tulipouliza. Dua ya maneno ya jumla, “Bwana nipe hekima, amina”, si mbaya, lakini humwacha mwombaji pale pale alipokuwa. Sema: “Bwana, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, nami ninayo ya mitatu, na ninaona aibu kumwambia.” Litaje pia lile unalotamani litokee, kwa sauti ukiweza, maana tamaa isiyotajwa ndiyo inayoshika usukani huku sisi tukidhani tunaongozwa na Roho.

Upande wa kusoma hauhitaji maelezo mengi. Kitabu cha Mithali kina sura 31, kwa hiyo mtu anaweza kusoma sura ya tarehe ya siku ile kabla ya kutoka nyumbani, na akamaliza kila mwezi wenye siku 31. Jambo moja nalikataza bila kuomba radhi: kufumba macho, kufungua Biblia popote na kuweka kidole juu ya mstari ili mstari huo uwe jibu. Hiyo ni ramli, hata kama kitabu ni kitakatifu. Na ujumbe wa sauti unaozungushwa kwenye simu, wenye unabii usiojulikana umetoka kwa nani, haupaswi kuamua mkopo wala ndoa ya mtu yeyote.

Baada ya sala na kusoma, wengi huamua papo hapo, hasa pale ushahidi unapoonekana wazi. Yoshua, sura ya 9, ni dawa ya pupa hiyo. Watu wa Gibeoni, mji ule ule ambamo baadaye Sulemani aliombea hekima, waliwajia Waisraeli wakiwa na viatu vilivyotiwa viraka, viriba vya divai vilivyopasuka na mikate iliyoingia ukungu, wakadai kwamba wametoka nchi ya mbali sana. Waisraeli walivipokea vyakula vile, wasimtake Bwana shauri, wakaapa kiapo cha amani. Siku ya tatu wakagundua kwamba wageni wale ni majirani. Hawakukosa macho, maana mkate wenye ukungu waliuona, lakini hakuna aliyesimama kuuliza. Hata huku kwetu, anayetembelea kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, mjini Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, hakosi kuonyeshwa nguzo karibu na kisima cha ubatizo zilizosimamishwa juu chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha wakati Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi huo, hayupo. Kama ndivyo ilivyokuwa, mafundi hawakuwa wavivu. Nguvu zilikuwapo na kazi ilifanyika, ila wa kuuliza hakuwapo, au hakuulizwa.

Basi uliza, na uchague wa kuuliza. Tuchukue mfano wa binti wa mjini aliyeitwa kazi katika hoteli ya Nungwi na kutakiwa atoe jibu baada ya siku tatu. Akiwauliza rafiki zake watano wanaotamani kazi kama hiyo, atapata jibu moja lililosemwa mara tano. Namshauri atafute watu watatu wa aina mbalimbali: aliyewahi kufanya kazi kama hiyo, atakayeguswa na matokeo yake, kama vile mama anayemtegemea, na mtu mzima katika imani asiyepata wala kupoteza chochote. Wa kwanza atamweleza zamu zinavyopangwa, nauli, chumba cha kulala na kama mshahara hulipwa kwa wakati, na hayo yote ni sehemu ya hekima ya Mungu, kwa kuwa kumcha Bwana hakujamzuia mtu yeyote kusoma mkataba kabla ya kutia saini. Wa pili atamwambia lile asilopenda kulisikia. Wa tatu huenda akamwuliza swali moja tu: Jumapili utasali wapi? Swali hilo si kikwazo lazima. Mahali penye wafanyakazi Waislamu wanaotaka nafasi ya Ijumaa mchana, Mkristo anayezungumza mapema na kwa adabu anaweza kupata wa kubadilishana naye saa, lakini atakayenyamaza hadi Jumamosi usiku ndipo alalamike kwamba imani yake inaonewa, amejinyima mwenyewe.

Hapo tumefikia sehemu ngumu kuliko zote kwa Mkristo wa visiwa hivi, nayo ni hekima mbele ya jirani. Sisi ni wachache kati ya Waislamu, tunachota maji pamoja, tunazikana, na mwezi wa Ramadhani sahani ya futari huvuka ukuta bila kuuliza dini ya anayepelekewa. Paulo aliwaandikia Wakolosai (4:5-6) waenende kwa hekima mbele ya walio nje, na maneno yao yakolee munyu, wapate kujua namna ya kumjibu kila mtu. Mithali 27:14 inamwonya hata anayembariki rafiki yake alfajiri kwa sauti kuu, kwamba baraka yake itahesabiwa laana. Kila kwaya yenye spika ingefaa kuusoma mstari huo kabla ya kuziwasha.

Mimi nilijifunza hayo kwa kukosea. Mwaka mmoja, katika Ramadhani, kikundi chetu kilifanya mazoezi ya nyimbo uani kwangu baada ya magharibi. Jirani alimtuma mtoto wake aulize kama tutachelewa kumaliza. Sikungoja mtoto amalize. Nilimjibu kwamba na sisi tuna haki ya kuabudu, naye akaenda kulifikisha jibu hilo kama lilivyo. Haki tulikuwa nayo kweli. Lakini jirani hakuuliza juu ya haki: mama yake alikuwa mgonjwa, na yeye alitaka kujua ampe dawa ya usingizi saa ngapi. Mithali 18:13 inasema kwamba kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu na aibu. Nilikuwa nimeufundisha mstari huo mwezi uliotangulia.

Tangu hapo, kabla ya kutoa jibu lenye moto, hulipitisha kwenye Yakobo 3:17, ambapo hekima itokayo juu inaelezwa kuwa safi, ya amani, ya upole, “tayari kusikiliza maneno ya watu”, yenye rehema na matunda mema, isiyo na fitina wala unafiki. Sifa zile zote zina uzito, ila ile ya kusikiliza ndiyo inayonikamata mara nyingi, kwa kuwa mtu anaweza kujidanganya kuhusu usafi wa nia yake, lakini hawezi kujidanganya kwa muda mrefu kama amesikiliza au hakusikiliza. Jaribu kuyarudia maneno ya mwenzako mbele yake hadi akubali kwamba ndivyo alivyosema. Ukishindwa, hujawa tayari kujibu. Na usiufanye upole kuwa kisingizio cha kuficha kweli: anayekubali kila kitu ili asigombane na mtu hajafikia amani ya Yakobo, na neno “safi” limetangulia kwa sababu.

Mwisho, weka daftari. Andika tarehe, jambo, ulichoomba, uliyemwuliza na ulichoamua, mistari minne au mitano tu, kisha lirudie baada ya miezi mitatu. Utaona wapi ulisikia na wapi ulikwenda na ulilolitaka tangu mwanzo, nawe utajua la kuomba mwezi unaofuata. Ila kama jambo ulilolikosea lina mtu ndani yake, usiingoje miezi mitatu. Nenda jioni ile ile, piga hodi, omba radhi kwa maneno machache, kisha umwache yeye aseme.