Kichocheo cha maganda ya mayai

Hiki ni kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mafuta ya alizeti yageuke dizeli ya mimea. Maganda nayapata kwa muuza chipsi mayai. Nayaosha, nabandua ule utando wa ndani, nakausha, nasaga. Kisha tanuri la maabara, nyuzi 900 kwa saa 3, yabaki chokaa hai, nyeupe pe. Ifungie chupani mara tu inapopoa! Niliwahi kuiacha wazi usiku kucha; ikanyonya unyevu na hewa, mafuta yakagoma kugeuka.

Kwa gramu 100 za mafuta ya alizeti, tia methanoli (aina ya alkoholi) gramu 33 na chokaa gramu 3. Koroga saa 3 kwa nyuzi 60 hadi 65, chupa ikiwa na kipoza mvuke. Methanoli ni sumu na hulipuka moto upesi, kwa hiyo tumia hita ya umeme, penye hewa. Chuja chokaa uitumie tena. Yakitulia, gliserini (kimiminika kizito kinachotokea pamoja na dizeli) huzama, dizeli huelea.