SOMO: Mtoto wa mdomo sungura (aliyezaliwa na mdomo wa juu umepasuka) akitoka thieta anaonekanaje (wazazi someni KABLA ya siku yenyewe)

Naliandika mara moja hapa maana kila wiki naulizwa yale yale, "mbona kavimba", "mbona pua imekaa vile". Mimi ni nesi wodi ya upasuaji wa watoto, Dar.

1. Mpelekeni kliniki mapema. Mdomo unashonwa kuanzia kama wiki 10, akifika kilo 4.5 au 5 na kipimo cha wingi wa damu 10 kwenda juu. Kaakaa (paa la kinywa) likiwa nalo limepasuka lina operesheni yake, mara nyingi miezi 9 hadi mwaka na nusu.

2. Mpigeni picha nyingi akicheka. Wazazi wengi baadae wanalikumbuka lile tabasamu lake pana la mwanzo na wanaona aibu kusema. Msione aibu.

3. Kufunga: maziwa ya mama mwisho masaa 4 kabla, uji na maziwa ya kopo masaa 6. Daktari wa usingizi akisema tofauti, mfuate yeye.

4. Hapa ndo penyewe. Mzazi anaambiwa "operesheni imeenda vizuri" basi anaingia akitegemea sura nzuri, anamkuta mtoto kavimba mdomo na pua, nyuzi zinaonekana, mate yana damu damu, dripu iko mguuni au hata kichwani, sauti imekauka sababu ya mpira wa kupumulia, viwiko vimefungwa asijikwaruze, wengine wana kamrija puani. Yote hayo ni kawaida, na uvimbe unazidi siku ya 2 na ya 3 ndo uanze kushuka, kwahiyo akionekana mbaya kuliko jana haimaanishi kaharibikiwa. Haya aambiwe mama na baba na bibi pia, kabla mlango haujafunguliwa, wakiwa wamekaa, sio mnatembea kwenye korido. Na TAFADHALI picha ya siku hiyo msitume kwenye grupu la ukoo. Shangazi ataandika "masikini mtoto" na mama ataisoma usiku peke yake.

Isiyo kawaida: damu mbichi inayotiririka bila kukata, kupumua kwa shida, joto kupita 38, uzi kuachia, kugoma kabisa kunyonya. Hapo muite nesi, na kama mko nyumbani rudini hospitali saa hiyo hiyo.

5. Kovu miezi ya mwanzo linakuwa jekundu na gumu, linaweza hata kuvuta mdomo juu kidogo. Linalainika taratibu mpaka kama mwaka. Kofia juani. Msikande kovu mpaka daktari aruhusu.

MASWALI

Mama Junior: wangu leo siku ya pili kavimba sana ni kawaida??
– Namba 4. Soma yote tafadhali, na zile dalili za hatari pia.

Kijana wa Tandika: kuna mtu kasema nipake asali na mafuta ya nazi kidonda kikauke haraka
– Hapana. Paka ulichopewa wodini tu.

Kijana wa Tandika: nimeuliza tu sista
– Na mimi nimejibu. Kidonda kikiingia uchafu kinaachia na inabidi kurudiwa, nasema kwa ajili ya mtoto.

Baba Neema: mke wangu akimuona analia, anasema huyu sio yule mtoto wake. Nimwambieje?
– Asante sana kuuliza kaka. Usimwambie "shukuru Mungu kashonwa", muache alie. Mpe mtoto amshike kifuani, mtoto anamjua kwa harufu na sauti. Muoneshe macho, paji la uso, vidole, vile vile vya jana. Uvimbe ukishuka kaeni wote mrudie zile picha za namba 2. Ikipita wiki kadhaa bado hataki kumshika, mje kliniki wote wawili, tutaongea nae.

Zuhura: mama mkwe anasema ni kwasababu nilimcheka mtu nikiwa na mimba 😢
– Sio kweli mdogo wangu. Mdomo unaungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, wengi hapo hata hawajajua wana mimba. Mkwe mje nae kliniki, wakielezwa na daktari wengi wanaelewa.

Zuhura: asante. Na gharama je?
– Hospitali zinazofanya na Smile Train (shirika linalogharamia operesheni hizi) operesheni ni bure, hospitali ya CCBRT hapa Dar mojawapo. Nauli ulizia hapo hapo.

Mama wa Mapacha: naongezea, nguo za vifungo mbele! Za kuvalia kichwani zinakwaruza nyuzi
– Kweli kabisa, na mbebe wima baada ya kula, ukimfuta futa kwa kugusa gusa, usisugue.