Jinsi ya kusoma alama ya bega ya askari wa Kiafrika aliyepigana Burma

Jirani yangu alikuta kitambaa chenye kichwa cha kifaru kwenye sanduku la marehemu babu yake, askari wa Keya (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, aliyepigana Burma (Myanmar ya leo) katika Vita vya Pili vya Dunia. Tulikisoma hivi.

Hatua ya 1: Piga picha mbele na nyuma, kwenye mwanga wa mchana. Usikifue.

Hatua ya 2: Tenganisha beji na kitambaa. Beji ya chuma ya kofia hutaja kikosi. Kitambaa cha begani hutaja divisheni, yaani kundi kubwa lenye vikosi vingi. Kifaru ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944.

Hatua ya 3: Jua juu ni wapi. Hapa usiharakishe. Zamani nilipewa picha ya askari wa Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi. Alama yao ni buibui, na kichwa chake kilitazama chini. Nikaamini fundi alikosea kushona, nikapoteza jioni nzima nikitafuta picha "sahihi". Kumbe ndivyo ilivyotakiwa: askari akiinua bunduki kulenga, mkono unanyooka na buibui anaonekana akimwendea adui. Buibui huyo ni Ananse, mjanja wa hadithi za Waakan wa Ghana, kama Sungura kwetu.

Tena, alama nyingi za wanyama za jeshi la Uingereza zilitengenezwa kwa jozi, ili mnyama atazame mbele kwenye kila mkono. Ukipata kipande kimoja kinachotazama "upande mbaya", huenda ni cha mkono wa pili tu. Na kulia katika nembo ni kulia kwa mvaaji, si kwako unayemtazama. Ukisoma kwenye picha, angalia kwanza medali: huvaliwa kifua cha kushoto. Zikiwa kulia, huenda picha imegeuzwa, au mvaaji amevaa medali za ndugu aliyefariki. Kwa hiyo thibitisha na vifungo: shati la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu.

Hatua ya 4: Tafuta maana. Mimi siziamini orodha za "nyekundu ni damu, kijani ni msitu". Anza na kitu chenyewe kilichochorwa, uulize kilifanya kazi gani. Divisheni ya 82 ya Afrika Magharibi ilichora mikuki miwili iliyopishana, ikipita kwenye ngata. Ngata ileile ya kubebea ndoo. Misituni Burma barabara zilikuwa chache, na mizigo mingi ya divisheni ilibebwa vichwani.