Tela la boti linakwangua mwaloni: anza na grisi kabla ya kumwita fundi wa kuchomelea

Siku tela langu lilipokwangua mara ya kwanza mwaloni, pale ninaposhushia boti majini, mimi sikusikia kitu. Aliyesikia ni utingo wangu, kasimama majini hadi magotini. "Mzee, linagusa!" Nikamuuliza linagusa wapi. "Huku nyuma." Nikaenda gereji, nikaomba kile kichwa cha duara cha kuvutia tela kipandishwe sentimita 8, nikidhani mbele ikiinuka basi tela zima limeinuka. Safari iliyofuata taa zote mbili za nyuma zilibaki kwenye zege.

Tela ni mzani, na ekseli, ule mhimili wa magurudumu, ndiyo inayoubeba. Ukiinua mbele, nyuma inashuka. Langu lina mita 4 kutoka kichwa cha kuvutia hadi ekseli, na mita 1.5 kutoka ekseli hadi mwisho wa mkia. Kwa hiyo zile sentimita 8 nilizolipia zilinishushia mkia sentimita 3. Kabla ya kutoa hela yoyote, jua linagusa wapi.

Hatua ya 1: Paka grisi

Wengi hutumia chaki, lakini chaki inaoshwa na maji. Paka grisi sehemu tatu: chini ya gurudumu dogo la mbele, chini ya fremu katikati, na kwenye upau wa mwisho wa nyuma. Boti iwe juu ya tela, na mafuta, nanga na mizigo yako yote ya kawaida. Tela tupu hudanganya, maana springi hazijalala.

Shuka taratibu, panda, kisha angalia grisi imefutika au imebeba mchanga wapi. Ikiwa ni mbele au katikati, kinachokusumbua ni mgongo, pale barabara inapokatika na mteremko kuanza. Ikiwa ni nyuma, kinachokusumbua ni bonde, pale mteremko unapoishia kwenye tambarare au unapokata mfereji. Mgongo na bonde havitibiwi kwa dawa moja.

Hatua ya 2: Pima mteremko, hata ule wa chini ya maji

Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, pimamaji na futi kamba. Laza ubao kwenye mteremko, inua ncha ya chini mpaka pimamaji ionyeshe umelala sawa, halafu pima nafasi iliyo chini ya ncha hiyo. Ukipata sentimita 30, mteremko ni asilimia 15. Miteremko ya zege ya kushushia boti kwa kawaida hujengwa kati ya asilimia 12 na 15.

Sehemu iliyozama ipime kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Choma kila baada ya hatua moja na usikilize: mchanga, zege, au jiwe. Mwanza haiitwi Jiji la Miamba bure, na jiwe lililo sentimita 20 chini ya maji halionekani asubuhi yenye mawimbi. Tafuta pia shimo. Wanaopandisha boti kwenye tela kwa nguvu ya mashine huchimba shimo kwa propela, na mchanga uliochimbwa hurundikana nyuma yake. Gurudumu likiingia humo, mkia unalala kwenye tuta.

Usitegemee vipimo vya mwaka jana. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuipita rekodi ya 1964, na mwaka 2006 lilikuwa limeshuka kupita kiasi. Mwalo uleule unaweza kukuonyesha mwisho wa zege mwaka huu na kukuficha mwaka ujao. Na vaa buti ndefu za mpira. Kichocho hakiulizi umekuja kuvua au kupima.

Hatua ya 3: Kama ni nyuma

Zidisha urefu wa mkia kwa mteremko. Mkia wa mita 1.5 kwenye asilimia 15 unashuka sentimita 22 hivi magurudumu yanapofika kwenye bonde. Pima mkia wako uko juu kiasi gani tela likiwa tambarare na limebeba. Kama ni sentimita 25, umebakiwa na 3 tu, na mawimbi ya mchanga yatazimaliza.

Anza na ya bure: inua mashine ya boti na uifunge isishuke. Kisha hamisha taa na kibao cha namba kwenye ubao unaoning'inia nyuma ya boti, uung'oe kabla ya kuingia majini. Kwenye zege, vigurudumu viwili vya chuma kwenye kona za nyuma husaidia. Havizuii kugusa, ila mkia unabingirika badala ya kukwangua. Kwenye mchanga havina kazi, vinazama.

Isipotosha, ingia chini uangalie ekseli. Ikiwa imekaa juu ya springi, inaweza kuhamishiwa chini yake, na tela likainuka kwa unene wa ekseli pamoja na wa springi. Kwangu ilikuwa karibu sentimita 10. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wanaipindua ekseli. Ekseli nyingi zina mkunjo mdogo kuelekea juu, na ukiipindua matairi yanakaa upande na kulika ndani ya miezi michache. Mwambie fundi aiache ilivyo na achomelee viti vipya vya springi upande wa juu. Ujue pia gharama yake ya pili: boti imepanda sentimita 10, hivyo lazima urudi nyuma zaidi ndipo ielee. Angalia bomba la moshi la gari liko wapi.

Hatua ya 4: Kama ni mbele

Mara nyingi ni lile gurudumu dogo tu. Likunje juu au lichomoe kabla ya kuanza kurudi nyuma. Kama fremu yenyewe ndiyo inagusa, weka mbao za unene wa sentimita 5 mahali ambapo matairi ya nyuma ya gari yatapita tela likiwa kwenye mgongo. Gari linainuka, nalo linabeba mkono wa tela. Hapa kupandisha kichwa cha kuvutia ni sahihi, ila rudia kwanza hesabu ya mkia.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Pumzisha tela dakika 15 hadi 20 kabla ya kuligusisha maji. Beringi zikiwa za moto, zikipoa ghafla zinavuta maji ndani na kuharibu grisi. Mtu mmoja tu aongoze. Pale Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwanza, asubuhi wapakua dagaa wote watakuelekeza, kila mmoja upande wake. Mkanda wa mbele usifunguliwe mpaka mkia wa boti uanze kuelea.

Ukishapanda, pitisha kidole kwenye grisi ya nyuma. Ikiwa na mchanga, rudi hatua ya 3.